Pia Iliyojaa Maji

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri ya kitaalamu, kila mmoja wetu alichota karatasi moja kutoka kwenye bahasha. Jirani yangu wa dawati alipata mkataba wa kupanga nyumba. Mwingine alipata maelezo ya matumizi ya dawa ya malaria. Mimi nikapata sentensi moja ya fizikia, ambayo mwalimu alikuwa ameitunga kwa Kifaransa kwa ajili ya zoezi hilo. Nilifungua kamusi, nikapanga maneno, nikakabidhi hivi: “Kuyumba kwa mhimili husababisha kuyumba kwa kimiminika kwa njia ya mwangwi wa mawimbi.”

Nilipata alama 8 kwa 20. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: “Sarufi haina kosa. Sasa nieleze inasema nini.”

Sikuweza. Nilikuwa nimehamisha maneno saba kutoka lugha moja kwenda nyingine bila jambo lenyewe kupita mkononi mwangu hata mara moja. Kwa hiyo wakati wa likizo niliibeba sentensi ile hadi nyumbani Ubundu, pamoja na madaftari ya rafiki yangu anayesoma fizikia, nikaapa kutorudi kitivoni kabla sijaielewa. Wanaoijua fizikia wanisamehe ninapokwenda polepole. Naandika kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, huijua ngeli ya neno kabla ya kukijua kitu chenyewe.

Nianze na mchezo wa watoto. Pia ya mti, iliyochongwa ikawa pana juu na nyembamba chini, ikizungushwa kwa kamba husimama wima, tuli, hata mtu aliye mbali asijue kwamba inazunguka. Kasi ikipungua, huinama. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana pia iliyoinama haianguki papo hapo. Kichwa chake huanza kutembea taratibu kwenye duara huku mwili ukiendelea kuzunguka kwa kasi. Ni mizunguko miwili kwa wakati mmoja: mmoja wa haraka, wa pia kuuzunguka mhimili wake, mwingine wa polepole, wa mhimili wenyewe. Huo wa pili ndio unaoitwa presesheni. Uzito unaivuta pia chini, lakini kitu kinachozunguka kina ukaidi wa aina yake: ukikisukuma upande mmoja, chenyewe hukengeukia pembeni. Ukikivuta chini, kinatembea kwenye duara.

Hapa Kiswahili kilinifurahisha. Katika hisabati ya shule za msingi nchini Tanzania, silinda huitwa mcheduara, na lile umbo ambalo sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunaliita koni huitwa pia. Sasa mstari unaotoka kwenye ncha ya pia, pale chini inapogusa ardhi, hadi kichwani kwake, ukizunguka kwa presesheni huchora umbo gani hewani? Koni. Yaani mhimili wa pia huchora pia. Lugha ilikuwa imekwisha kuyaweka mambo hayo mawili katika neno moja kabla mimi sijaenda kuhangaika na kamusi.

Na hapo nikaliona kosa langu la kwanza. Nilikuwa nimeandika “kuyumba”. Mlevi huyumba, mtumbwi huyumba, serikali huyumba. Ni neno la kitu kilichopoteza uthabiti wake. Presesheni haijapoteza kitu. Ni mwendo wenye nidhamu, unaoweza kupigiwa hesabu kwa maelfu ya miaka. Tena nilikuwa nimelitumia neno hilo mara mbili katika sentensi moja, mara ya kwanza kwa mwendo wenye utaratibu na mara ya pili kwa vurugu, kana kwamba chanzo na matokeo ni kitu kimoja. Msomaji wangu angetoka hapo akiamini kwamba kimiminika kinayumba kwa sababu chombo kinayumba, basi. Angekuwa amekosa jambo lote.

Niliposema maelfu ya miaka sikutia chumvi, kwa sababu pia moja kubwa tunaishi juu yake. Dunia si tufe kamili. Kwa kuwa inazunguka, imetuna katikati: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6378, na kwenye ncha ni kilomita 6357. Hizo kilomita 21 za ziada ni kama kitambi kilichoizunguka dunia kiunoni, na Ubundu iko juu ya kitambi hicho kabisa. Mji wetu, ulioitwa Ponthierville enzi za Wabelgiji, uko dakika 21 kusini mwa ikweta, hata nyuzi moja haijatimia. Kisangani iko dakika 31 kaskazini. Katikati mto una maporomoko saba ambayo hakuna meli inayoyapita, na ndiyo sababu tangu mwaka 1906 ipo reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto, Lubunga, hadi Ubundu. Treni hiyo, siku inapotembea, huivuka ikweta msituni na abiria wasijue.

Mwezi na Jua hukivuta kitambi hicho. Kwa kuwa dunia imeinama nyuzi 23.4, mvuto wao hujaribu kuisimamisha wima. Nayo, kwa ukaidi uleule wa pia, haisimami, bali mhimili wake hutembea kwenye duara. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 26,000, na katika muda huo dunia yenyewe imejizungusha zaidi ya mara milioni 9. Mgiriki Hipparchus aliligundua jambo hilo katika karne ya 2 kabla ya Kristo kwa kulinganisha nafasi za nyota na kumbukumbu za waliomtangulia. Kinachozunguka ni mwelekeo wa mhimili angani. Ikweta haihami ardhini, na reli yetu, ikidumu, itaendelea kuivuka palepale. Nilimweleza bibi yangu kwamba Mwezi umeishika dunia kiunoni, hapa kwetu. Akasema ndiyo maana Ubundu haiendi mbele.

Mpaka hapa pia yetu ni ya mti. Ugumu wa sentensi yangu ni kwamba ndani ya pia mna kimiminika.

Chukua mayai mawili, moja limechemshwa na jingine bichi, uyazungushe mezani. Lililochemshwa huzunguka vizuri, kitu kimoja. Bichi husitasita na kuchoka upesi. Sasa lizungushe tena lile bichi, liguse kwa kidole lisimame, na uliachie hapohapo. Litaanza kuzunguka lenyewe. Ganda lilisimama, lakini vilivyomo ndani havikupata habari. Mpwa wangu aliona ni uchawi. “Mjomba, rudia,” akasema, nami nikarudia hadi yai la tatu lilipoanguka chini na dada yangu akatufukuza jikoni.

William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa mpenzi wa majaribio ya mayai, na katika miaka ya 1870 aliyapeleka mbali zaidi. Alitengeneza maganda ya shaba, akayajaza maji na kuyazungusha kama pia. Ganda lililobonyea kidogo kwenye ncha zake, kama chungwa, lilisimama imara kana kwamba ni gumu lote. Ganda lililorefuka kidogo kuelekea ncha zake, kama yai, lilikataa kabisa kusimama. Maji ni yaleyale, shaba ni ileile, tofauti ni umbo tu. Hilo lilinishangaza kuliko yote niliyoyasoma, na sikulielewa hadi nilipoelewa mawimbi.

Mawimbi ya wapi? Ndilo swali la mtu yeyote aliyekulia mtoni. Kwetu wimbi ni la juu: mayi (ndivyo tusemavyo, wasomaji wa pwani wavumilie) yanapanda, uzito unayashusha, yanapitiliza, yanapanda tena. Chombo kilichojaa pomoni na kufungwa hakina “juu” ya namna hiyo. Hakuna pa kuinukia. Lakini mawimbi yamo.

Kila wimbi linahitaji kitu cha kurudisha kilichohama. Juu ya mto, kirudishi ni uzito. Kwenye zeze ni mkazo wa uzi. Ndani ya kimiminika kinachozunguka, kirudishi ni mzunguko wenyewe. Fikiria umesimama juu ya sinia kubwa linalozunguka na unataka kutembea moja kwa moja. Utajikuta unasukumwa pembeni. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliliweka jambo hilo katika hesabu mwaka 1835. Tone la maji lililohamishwa kidogo ndani ya kopo linalozunguka husukumwa pembeni, na tena pembeni, mpaka linakuwa limepiga duara na kurudi lilikotoka. Huko kurudi ndiko kunakozaa wimbi. Wanafizikia huyaita mawimbi ya inesha, nayo yana mpaka wake: hayawezi kupiga haraka kuliko mara mbili ya kasi ya mzunguko. Kopo likizunguka mara 10 kwa sekunde, hakuna wimbi la namna hii litakalopiga zaidi ya mara 20. Jambo la ajabu zaidi kwa mtu wa mtoni ni kwamba mwendo wa wimbi haufuati urefu wake, unafuata mwelekeo wake. Wimbi linalokwenda sambamba na mhimili hupiga haraka. Linalokwenda kwa kuukingama hupiga polepole.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu najua mtaniuliza. Waliopita Nanyuki nchini Kenya, au Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, wameonyeshwa beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini mwa mstari maji yanashuka yakizunguka huku, hatua chache kusini yanazunguka kule, na mtu anatoa pesa. Ni mchezo mzuri, ila anayeamua ni mkono unaoyamimina maji. Dunia huzunguka mara moja tu kwa siku, na ile sehemu ya nguvu ya Coriolis inayogeuza maji kwenye beseni huisha kabisa kwenye ikweta. Hapa Ubundu haifiki hata sehemu moja ya mia ya ile ya kwenye ncha. Mto wetu huvuka ikweta mara mbili, hapa na tena karibu na Mbandaka, bila kubadilisha tabia. Kopo linalozunguka mara kumi kwa sekunde ni habari nyingine. Nafunga mabano.

Chombo kilichofungwa hakipokei wimbi lolote tu. Kama uzi wa zeze unavyokuwa na sauti zake na ngoma zake, kila chombo kina familia ya mawimbi yanayokienea, kila moja na mwendo wake, na familia hiyo hutokana na umbo. Kelvin aliipigia hesabu ile ya mcheduara mwaka 1880. Hapo ndipo maganda yake ya shaba yaliponifungukia: ukirefusha umbo kidogo, unabadilisha mwendo wa maji yaliyomo, na pamoja nao jinsi maji hayo yanavyolisukuma ganda. Chungwa likageuka yai, na pia ikaanguka.

Sasa turudishe presesheni. Ukiwa nje, unauona mhimili ukichora koni yake taratibu. Lakini jiweke mahali pa tone la maji linalozunguka pamoja na kopo. Kwako wewe, mhimili unaogeuka huhisiwa kama msukumo wa huku na huku, unaokamilisha safari yake mara moja hivi kwa kila mzunguko wa kopo. Msukumo huo unaweza kuwa hafifu sana. Swali ni kama ndani ya kopo kuna wimbi ambalo mwendo wake wa asili ni huohuo, mara moja kwa kila mzunguko.

Kwa nini hilo liwe swali? Waulize wanaopita njia ya Ubundu na Kisangani na baiskeli zilizobeba mabidoni ya mawese. Bidoni lililojaa ni mzigo mzito lakini mtulivu. Lililojaa nusu ni msumbufu: mafuta yanakwenda na kurudi, na kama mguu unakanyaga pedali kwa mwendo uleule wa mafuta, kila mkanyago unaongeza kidogo juu ya uliotangulia, mpaka baiskeli inalala kwenye matope. Hakuna aliyesukuma kwa nguvu. Mwenye uzoefu hubadilisha mwendo wa miguu, mafuta yakatulia. Katika bidoni wimbi ni lile la juu, la uzito, si la inesha. Lakini kanuni ya kukua ni moja.

Na hii ndiyo resonansi, ambayo mimi niliiita mwangwi. Kosa langu la pili, na baya kuliko la kwanza. Mwangwi ni sauti iliyokwenda, ikagonga, ikarudi. Unahitaji ukuta na kusubiri. Katika bidoni hakuna kilichorudi kutoka popote. Kuna viwili vinavyokwenda kwa wakati mmoja. Nilitafuta neno siku kadhaa, na lilinijia nikiwa ndani ya mtumbwi mkubwa, wa aina ile ambayo wapiga kasia husimama na kuimba. Mmoja anatanguliza, wengine wanaitikia, na kasia zinaingia majini pale pa kuitikia. Asiyeitikia kwa wakati hasaidii, hata akiwa na misuli ya kiboko. Nimeamua kuiita mwitikiano. Sidai kwamba BAKITA watalikubali. Nadai tu kwamba anayelisoma hatafikiria ukuta.

Kwa mcheduara hesabu imekwisha kufanywa na jibu lake ni la kupendeza. Presesheni ikiwa ya polepole, wimbi la kwanza katika familia huitikia pale kimo cha mcheduara kinapokuwa mara 1.989 ya nusu kipenyo chake, yaani kopo ambalo kimo na kipenyo chake vinakaribia kulingana. Nilikwenda dukani kwa mjomba na rula. Kopo la maziwa ya unga, refu mno. La sardini, fupi mno. La nyanya lilikaribia, nikalijaza maji, nikaliziba kwa nta, nikalining’iniza kwenye kamba iliyosokotwa na kuliachia lizunguke likiwa limeinama. Lilicheza sana. Lakini kamba ilicheza zaidi, kwa hiyo sikuthibitisha lolote isipokuwa kwamba mjomba ni mvumilivu.

Wahandisi hawakuwa na nafasi ya kucheka. Kombora lililojazwa kimiminika huzunguka linaporuka, na mawimbi ya ndani yakiitikia mtikisiko wake, linapotea njia na kupinduka. Mwaka 1959 K. Stewartson alitoa hesabu ya pia iliyojaa kimiminika, ya kuonyesha ni vipimo gani vya tundu la ndani ni vya hatari. Setilaiti zinazozunguka zikiwa na matangi ya mafuta zina wasiwasi uleule.

Lakini wimbi lililoitikia na kukua bado si vurugu. Bado lina sura, linaweza kuchorwa. Nusu ya pili ya sentensi yangu ilikuwa inazungumzia kinachofuata, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pote.

Mwaka 1970 A. D. McEwan alichapisha majaribio ya chombo kilichozunguka chini ya kifuniko kilichoinamishwa. Wimbi lilikua vizuri, kisha ghafla likasambaratika, maji yote yakawa vurugu ndogondogo. Mwaka 1992 Richard Manasseh alifanya uchunguzi kwa mcheduara wenye presesheni, akakuta namna kadhaa za kusambaratika, zilizotofautiana kwa umbo na kwa muda. Wakati mwingine mtiririko huvunjika, hutulia, wimbi hujijenga upya, huvunjika tena. Kwa nini wimbi lisikue tu mpaka msuguano ulizuie?

Jibu linahitaji mawimbi matatu. Liite lile lililoamshwa na presesheni wimbi mama. Ndani ya kimiminika daima kuna vijitetemo, mawimbi madogo madogo ya familia ileile ambayo kwa kawaida hufa kwa mnato. Wimbi dogo likikutana na wimbi mama, kukutana kwao huzaa msukumo wenye mwendo wa tatu. Mara nyingi msukumo huo hauna wa kuuitikia na hupotea. Lakini ikitokea kwamba kuna wimbi dogo la pili ambalo mwendo wake unatofautiana na wa lile la kwanza kwa kiasi sawasawa na mwendo wa mama, basi la pili huitikia. Na la pili nalo likikutana na mama, humlisha la kwanza. La kwanza likakua, likamlisha la pili zaidi, la pili likamlisha la kwanza zaidi, kama mkopo wa riba juu ya riba. Wote wawili wanakula kutoka kwa mama. Ikiwa wanakula haraka kuliko mnato unavyowapunguza, hakuna kitakachowazuia mpaka mtiririko wenyewe umevunjika.

Sura zao pia lazima zilingane. Wimbi mama la presesheni lina upande mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka ukilizunguka kopo. Tuseme lina petali moja. Wale wawili lazima watofautiane kwa petali moja hiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, Romain Lagrange na wenzake huko Marseille walilimulika kopo lao kwa leza na kuyaona: moja lenye petali 5, jingine lenye petali 6. Napenda namba hizo. Hazikutarajiwa na mtu yeyote anayetazama kopo kwa nje.

Kwa hiyo neno la Kifaransa ambalo nililitafsiri “kuyumba” mara ya pili lilikuwa na maana moja mahususi: hali ambayo kijitetemo kidogo, badala ya kufa, hukua. Kokoto ndani ya bakuli, ukiigusa, hurudi. Kokoto juu ya bakuli lililofunikwa, ukiigusa, inakwenda zake. Bakuli ni lilelile. Kiswahili tayari kina uthabiti, na kukosa uthabiti kunatosha. Nami kwa matokeo yake natumia kuvurugika.

Turudi kwenye pia kubwa, maana huko ndiko swali bado liko mezani. Chini ya Ubundu, na chini ya kila mtu, kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi, mwamba unaishia na chuma kilichoyeyuka kinaanza. Ni tufe la kimiminika lenye nusu kipenyo cha kilomita 3,480, likiwa na kokwa gumu katikati, ndani ya chombo chenye presesheni. Nalo lina kitambi chake, cha kilomita 9 hivi. Henri Poincaré alionyesha mwaka 1910 jinsi kimiminika ndani ya ganda la namna hiyo kinavyoweza kuufuata mhimili wa ganda karibu kama kitu kigumu, kikibaki nyuma kidogo tu. Mwaka 1968 Willem Malkus akauliza swali kubwa: je, ule ubaki-nyuma hauwezi kuzaa mawimbi, mawimbi yakazaa vurugu, na vurugu za chuma kinachopitisha umeme zikazaa usumaku wa dunia, huohuo unaoelekeza dira? Alijaza maji kwenye chombo kilichobonyea, akakizungusha kwa presesheni, na kweli maji yalivurugika presesheni ilipozidi kiasi.

Mwaka 1975 Rochester na wenzake walirudi na daftari la mapato na matumizi: nishati ambayo presesheni inaweza kuiachia huko chini ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo. Tangu hapo walio wengi wanaamini kwamba usumaku wetu unaendeshwa na kupoa kwa kiini na kuganda kwa kokwa lake. Mimi si wa kuamua. Naona tu kwamba hoja ya Malkus haikufa. Mwaka 1993 Richard Kerswell alionyesha kwamba mtiririko wa Poincaré wenyewe, ukipindwa na presesheni, unaweza kuyalisha mawimbi yakakua wawili wawili. Mwaka 2005 Andreas Tilgner alipata usumaku kutokana na presesheni katika kompyuta. Mwaka 2011 Dwyer, Stevenson na Nimmo walipendekeza kwamba usumaku wa kale uliobaki kwenye mawe ya Mwezi ulitokana na kiini chake kukorogwa hivyo.

Mwitikiano mmoja, hata hivyo, umekwisha kupimwa ndani ya dunia yetu bila ubishi. Juu ya presesheni ile ya miaka 26,000 mhimili una vitetemo vidogo vya haraka zaidi, kimojawapo cha mwaka mmoja. Kiini cha kimiminika nacho kina mwendo wake wa asili, wa takriban siku 430. Siku 365 na siku 430 hazilingani, ila zinakaribiana kiasi cha kiini kuitikia kidogo. Darubini za redio, na ile ya Hartebeesthoek ya Afrika Kusini ni miongoni mwa zinazofanya kazi hiyo, husikiliza vyanzo vya mbali kabisa angani na kupima mhimili unavyoelekea. Mwaka 1986 Gwinn, Herring na Shapiro walitumia vipimo vya namna hiyo kugundua kwamba kitambi cha kiini ni kikubwa kuliko nadharia ilivyodai, kwa karibu nusu kilomita. Nusu kilomita, chini ya kilomita 2,900 za mwamba, imejulikana kwa kuitikia.

Na huko Dresden, Ujerumani, kimejengwa kituo kinachoitwa DRESDYN kwa ajili ya kumjibu Malkus kwa chuma badala ya karatasi, au tuseme kwa sodiamu: tani zipatazo 8 za sodiamu iliyoyeyushwa, ndani ya mcheduara uliokusudiwa kuzunguka mara 10 kwa sekunde huku ukifanya presesheni mara 1 kwa sekunde. Sodiamu huwaka ikigusa maji, kwa hiyo jengo lenyewe ni kama ngome. Niliangalia vipimo vya mcheduara wao kwanza kabisa. Kipenyo mita 2, kimo mita 2. Nikamwonyesha mjomba lile kopo la nyanya.

Mwanzoni mwa muhula huu niliiwasilisha tafsiri upya: “Mhimili wa chombo ukichora koni, kimiminika kilichomo hupata msukumo kwa kila mzunguko, wimbi la ndani lenye mwendo huohuo huitikia na kukua, mpaka mawimbi mengine mawili yanapoitikiana nalo, uthabiti ukakosekana, mtiririko ukavurugika.” Safari hii nilipata 13. Mwalimu alizungushia mduara maneno “mawimbi mengine mawili” na kuandika pembeni kwamba hayamo katika matini chanzi. Ni kweli, hayamo. Nimeyatoa kwenye nakala ya mwisho, na ndiyo maana nimeyaleta hapa.